Kikombe kinachoitwa dawa

Mhariri,

Kwa wiki kadhaa nimefuatilia barua za wasomaji wako wanaozisifu chai za mitishamba kuwa kinga ya kila siku. Sikusudii kuwavunja moyo, kwa sababu nyuma ya nyumba yangu hapa Mamboleo, kando ya tangi la maji, pana kichaka cha mchaichai ambacho kimetuhudumia tangu kifungua mimba wangu alipoanza shule. Hata hivyo, nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi katika kaunti hizi za kando ya Ziwa Viktoria kabla sijastaafu, na jambo ambalo sijaliona katika barua hizo ndilo lililokuwa likinisumbua zaidi kazini: mtu anayeuza majani ya kuchemsha hamwambii mnunuzi majani hayo ni ya mti gani.

Mgonjwa anapofikishwa hospitalini akiwa ametokwa na jasho jembamba, anatetemeka na maneno yake hayaeleweki, muuguzi humuuliza yule aliyemleta mgonjwa amekula nini na amekunywa nini. Nimejibiwa mara zisizohesabika kwamba amekunywa "dawa ya mitishamba", na nikiuliza ipi, ninaoneshwa karatasi ya nailoni yenye unga wa kijani. Jibu hilo ni sawa na kutojibiwa. Mwarobaini, kwa mfano, unaweza kushusha sukari ya damu, na mtu wa kisukari anayejidunga insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari anaweza kujikuta sukari yake imeshuka kupita kiasi akiongezea juu yake vikombe viwili vya mwarobaini kila siku. Ningeijua chai hiyo kwa jina, ningejua pa kuanzia. Unga usio na jina hunilazimu kubahatisha huku dakika zinakwenda.

Lugha yenyewe imetuponza kidogo. Ukiingia katika mkahawa wowote mjini Kisumu ukaagiza "dawa", utaletewa maji ya moto yenye tangawizi, ndimu na asali, na hakuna mhudumu atakayekuuliza unaumwa wapi. Katika Dholuo neno "yath" hubeba maana ya mti na pia maana ya dawa, kwa hiyo mtu anayechuma jani na mtu anayetafuta tiba huonekana kama wanafanya jambo lilelile. Mwarobaini nao umepewa jina linaloahidi kuponya maradhi arobaini, na sijui mfanyabiashara gani wa leo angeweza kubuni tangazo lililo bora kuliko hilo. Sizichukii lugha zetu kwa hayo. Nasema tu kwamba jina tamu lisichukuliwe kuwa kipimo.

Kwa upande wa manufaa, yapo, na ni ya kawaida kuliko yanavyotangazwa. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, na wajawazito wengi wamepata nafuu kwayo. Chai ya choya, ile nyekundu yenye ukali kama wa ukwaju, imeonekana kushusha shinikizo la damu kwa kiasi kidogo, na hiyo ndiyo sababu mtu anayemeza vidonge vya presha anapaswa kumwarifu daktari wake kabla ya kuifanya kuwa kinywaji cha kila siku. Maji ya moto yenyewe hulainisha koo na kulegeza makamasi. Ndimu ikamuliwe mwishoni, maji yakishapoa kidogo, kwa maana vitamini C huharibika kwa moto. Asali asipewe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kwa ncha ya kijiko, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza misuli yake. Na mtu anayetia vijiko vinne vya sukari katika kila kikombe cha "kinga", mara tatu kwa siku, amekwisha kuvuka mara mbili vijiko sita hivi ambavyo Shirika la Afya Duniani huona vyafaa mtu mzima asivizidi kwa siku.

Ama kuhusu kinga, neno linalorudiwa katika barua zote, ningependa wasomaji wajue kwamba kinga ya mwili si kitu ambacho kila kikizidi ndivyo kinavyofaa. Pumu, mzio na aina mojawapo ya baridi yabisi hutokana na kinga iliyochachamaa ikashambulia isichopaswa kushambulia. Kinachohitajika ni kinga yenye kufanya kazi yake barabara, nayo hutegemea chanjo, usingizi, na chakula kama omena, maharagwe, mrenda na mnavu. Hapo chai inaweza hata kutuharibia, kwa kuwa chai ya rangi na baadhi ya chai za majani zina tanini, ambayo hushikamana na madini ya chuma yaliyo katika mboga yasiingie mwilini. Mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, kisha akavimeza kwa chai, amevipotezea nguvu. Asubiri saa moja au mbili.

Jambo zito kuliko yote, kwa sisi tunaoishi kandokando ya ziwa, ni malaria. Mwaka 2020, korona ilipoingia, ndimu na tangawizi zilipanda bei, na kutoka Madagaska zikaja habari za kinywaji cha pakanga kilichozinduliwa na rais wa nchi hiyo. Tangu hapo nimeiona pakanga, ambayo wengi sokoni huiita atemisia, ikiuzwa kama chai ya kuzuia malaria na hata ya kuitibu. Wauzaji husema, na katika hili hawakosei, kwamba vidonge vya malaria vya hospitalini vilitokana na mmea huohuo. Wasichosema ni jinsi vilivyotokana nao. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alihangaika na mmea huo mwanzoni mwa miaka ya 1970 akipata matokeo yasiyotabirika, mpaka aliposoma tena maandishi ya kale ya kwao yaliyoagiza majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa, bila kutaja kuchemsha. Akashuku kwamba moto ndio ulioharibu kiini chenye nguvu, akatumia kiyeyusho kiitwacho etha, ambacho huchemka kwa nyuzi 35 hivi tu za Selsiasi, na hapo ndipo alipofanikiwa. Sisi tunaurudisha mmea uleule kwenye sufuria inayotokota, halafu tunaita kufanya hivyo kumfuata.

Hata kama kiini fulani kitabaki kikombeni, hakuna ajuaye ni kiasi gani, maana majani ya shamba hili si sawa na ya shamba lile, na kiasi kidogo kisichoua vimelea vyote huviacha vile sugu vikizaliana. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya majani ya pakanga, kwa namna yoyote ile, kutibu wala kuzuia malaria. Vidonge tunavyopewa hapa Kenya vina viini viwili vinavyosaidiana, na humezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Mtoto mwenye homa anaweza kuzidiwa katika muda wa saa 24, kwa hiyo kikombe cha jioni pamoja na maneno "tumwangalie mpaka kesho" ni muda ambao mtoto huyo hana.

Niseme pia neno moja kuhusu moto wa chai, ingawa linahusu hata chai ya maziwa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, na saratani hiyo inatusumbua sana sisi wa magharibi ya Kenya kuliko watu wa sehemu nyingi za dunia. Najua mgeni akiletewa chai ya vuguvugu kwetu huhisi amedharauliwa. Aiache mezani dakika tano wakati salamu zikiendelea.

Mwezi uliopita nilinunua soko la Kibuye pakiti ya unga kwa mwanamume mwenye kipaza sauti, aliyeniita "mathe" kwa heshima zote na kuniahidi kwamba nitasahau presha. Nilipomuuliza ni mti gani, alisema ni siri ya babu yake. Hatua chache kutoka kwake alikaa mama anayeuza mchaichai uliofungwa kwa mafungu, majani yakiwa bado na shina lake, na tangawizi yenye udongo. Kwake hakuna la kuuliza, kwa kuwa kila kitu kinaonekana kilivyo.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inautambua uganga wa kienyeji, na Bodi ya Famasia na Sumu husajili dawa za mitishamba, lakini mkono wao haufiki upesi kwenye turubai lililotandikwa chini. Mkusanya ushuru wa soko hufika hapo kila asubuhi. Naiomba serikali ya kaunti imtume na agizo dogo: kila pakiti ya majani yaliyosagwa iandikwe, kwa Kiswahili au Dholuo, jina la mmea, sehemu iliyotumika, kama ni jani, gome au mzizi, na onyo kwa mjamzito na kwa mwenye presha au kisukari. Babu wa yule mwanamume hatapoteza chochote. Pakiti niliyoinunua bado iko kabatini mwangu bila kufunguliwa, na ikiwa yupo msomaji anayeweza kuutambua unga kwa harufu, anakaribishwa nyumbani. Chai ya mchaichai itakuwa tayari.

Muuguzi mstaafu,
Mamboleo, Kisumu