Kaka, Mruhusu Mtoto Afanye Mtihani

Kaka yangu,

Najua hupendi mambo ya nyumbani kuanikwa hadharani, na nisingefika huku kama ungekuwa unapokea simu zangu. Tangu uliporudi Minnesota, huko Marekani, baada ya arobaini ya Mama umekuwa ukinijibu kwa salamu fupi, na kila ninapogusia habari za mwanao na ule mtihani wa kujiunga na mpango wa hisabati wa chuo kikuu, uliokataa aufanye, unasema uko zamu. Basi naandika hapa.

Unakumbuka mtoto alivyokuwa amekaa mkekani na kina mama waliokuwa wakichambua kunde. Aliweka punje moja kwenye ungo, akaizungushia tatu kwenye kona, kisha tano, kisha saba, na kila mara umbo likawa mraba. Hakuna aliyemfundisha. Aliniita, "Shangazi, ukijumlisha namba witiri kuanzia moja lazima upate mraba," nami nikamuuliza anajuaje kwamba haitaharibika huko mbele, kwenye mia au kwenye elfu. Akanyamaza, akaangalia, kisha akanionyesha kwa kidole: ili mraba ukue unahitaji mstari mmoja juu, mstari mmoja ubavuni na punje moja ya kona, kwa hiyo kinachoongezeka ni upande mara mbili na moja juu yake, na hiyo ndiyo witiri inayofuata, daima. Mtoto wa miaka 11! Nafundisha wanafunzi wa kidato cha nne, wengi wao wakiweza kuikariri kanuni kama hiyo bila kujua imetoka wapi. Ndipo ulipokuja, ukauinua ungo, ukazimimina kunde sufuriani, ukasema mbele ya wajomba kwamba mimi nilitaka kuwa mtu nikashindwa, na sasa natafuta kupanda mgongoni mwa mwanao.

Wajomba walicheka. Wewe hukucheka, nami nikajua kwamba hukuwa unatania.

Hoja yako naifahamu, na si ya kipuuzi: mtoto aachwe awe mtoto, asichoshwe, asitengwe na wenzake. Lakini hicho ulichokikataa sicho unachokidhani. Mpango wa vijana wenye vipaji vya hisabati wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambao umekuwapo tangu mwaka 1980, haumtoi mtoto shuleni kwake. Anabaki na wenzake kwa masomo mengine yote, anacheza nao mpira, na kwa hisabati peke yake anakwenda kwenye kipindi kirefu mara moja kwa wiki, kisha anarudi nyumbani na mazoezi ya kumtosha. Aljebra, jometri na yale yanayotangulia kalkulasi, ambayo sekondari huyagawa kwa miaka minne, wao huyamaliza kwa miwili, na anayeweza huendelea na kalkulasi ya chuo kikuu akiwa bado kijana wa sekondari. Kazi ni nyingi, sitakuficha. Lakini mwanao anachoshwa sasa hivi, na kinachomchosha ni kungoja.

Mwaka 1971 Profesa Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kule Baltimore, alianzisha utafiti wa watoto wa namna hii. Aliwapa wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, uliotungwa kwa ajili ya wanaokaribia kumaliza sekondari, kwa kuwa mitihani ya madarasa yao haikuweza kuwapima: wote walikuwa wakipata karibu kila kitu. Watoto hao wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na waliorushwa madarasa, wakilinganishwa na wenye kipaji sawa ambao hawakurushwa, walielekea zaidi kupata shahada za juu za sayansi na hisabati na kuchapisha kazi zao mapema. Na kama unaogopa haraka, mwangalie mwanahisabati Terence Tao wa Adelaide, Australia. Alikuwa akisoma hisabati ya chuo kikuu akiwa na miaka tisa, lakini wazazi wake hawakumwacha awe mwanafunzi kamili wa chuo hadi alipofika miaka 14. Walimpa kila somo kwa mwendo aliouweza. Mwaka 2006 alipata Medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati duniani. Simwambii mtu kwamba mwanao ni Tao. Nasema tu kwamba wazazi wale walijua kupima.

Kwetu Tanzania nafasi hiyo haipo, nawe unajua. Tuna shule za vipaji maalumu, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na nyinginezo, na ni shule za umma za kujivunia, lakini waliochaguliwa kwa akili zao hukusanywa pamoja kisha wakapewa muhtasari uleule na mtihani uleule wa taifa kama nchi nzima. Hata mimi nilisoma kwenye shule ya aina hiyo, ambayo sitaitaja. Nilimaliza kitabu cha mwaka mapema mno, nikaomba kinachofuata, nikaambiwa nisaidie kufuta ubao. Kwa hiyo unaposema nilishindwa, sema pia nilishindwa wapi. Na hata nikikubali kwamba namwona mwanao nikajiona mimi, kuna ubaya gani? Ni nani mwingine katika ukoo huu angeitambua ile kona ya kunde?

Lakini ada ya kidato cha tano na sita ulinilipia wewe, kwa kubeba magunia ya mahindi sokoni, ukarudi usiku shingo imechubuka na hukutaka Mama aione. Sijasahau, na ndiyo maana maneno yale, yakitoka kwako, nimeshindwa kuyameza. Yangetoka kwa mjomba yeyote ningeyapuuza.

Watoto huingia kwenye mpango ule wakiwa kati ya darasa la tano na la saba, na mlango ni mtihani mmoja wa kujiunga. Yeye yuko la sita. Akishindwa, atabaki shuleni kwake na sitarudia kusema. Kama tatizo ni ada, waulize kwanza shuleni kama wilaya yao inalipia, na wasipolipa niambie tuone la kufanya. Wifi nimeshamtumia maelezo yote ya kujiandikisha. Usimgombeze, nilimwomba mimi.

Mdogo wako.