Mfungwa aelezwe haki ya rufaa

Mhariri,

Jirani yangu amefungwa kwa kuendelea kuchukua pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali, za marehemu mama mkwe wake, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kosa silitetei, pesa hizo ni za wazee wa miaka 70 kwenda juu. Lakini kifungo kirefu kwa mama anayenyonyesha, tena kosa lake la kwanza, kinaniuma sana. Sheria inampa siku 14 kukata rufaa Mahakama Kuu, na akichelewa kwa sababu nzuri anaweza kuomba aongezewe muda. Nani alimweleza? Alitia dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza, akapakiwa kwenye gari la magereza. Waheshimiwa mahakimu, tafadhali elezeni haki hiyo kwa Kiswahili, polepole, jamaa zake wakisikia.

Mkaazi, Kaunti ya Kilifi