Kwa wajumbe wa kamati ya sera ya safari: faili liwe na ukomo kabla ya nauli

Wanangu na wadogo zangu mlioteuliwa kuandika upya sera ya safari za watumishi wa chuo,

Salaam kutoka Kimara. Wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia simu, akaniamkia vizuri, akanijulia hali ya magoti, kisha akaja na lake: "Mzee, nauli ya ndege kwenda Ulaya tuweke ukomo wa shilingi ngapi?" Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Nilipoanza kuandika nikaona jibu haliwahusu ninyi peke yenu. Kuna kamati kama yenu katika vyuo vingine hapa Dar es Salaam, na wote mnaumwa ugonjwa mmoja. Basi naiacha barua wazi, asome anayetaka.

Wasionijua wajue kwamba nilikaa ofisi ya fedha ya chuo kwa miaka mingi, na meza yangu ilikuwa ya safari: masurufu (fedha anazotanguliziwa msafiri), posho ya kujikimu, tiketi, marejesho. Vijana waliniita Mzee wa Tiketi. Nikiwa sipo waliniita jina jingine, ambalo nalijua.

Jibu langu ni hili. Namba yoyote mtakayoiandika itachakaa kabla wino haujakauka. Na kabla hamjamwekea msafiri ukomo wa fedha, liwekeeni faili lake ukomo wa siku.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nisiposema mimi kuna atakayelisema. Kulikuwa na mhadhiri msaidizi, binti mmoja mchapakazi, aliyekubaliwa kuwasilisha utafiti wake kwenye mkutano wa nje. Aliandika dokezo, yaani ombi la maandishi la ndani ya ofisi, miezi miwili kabla, akaambatanisha barua ya mwaliko na makadirio ya nauli kutoka kwa wakala. Nauli ilikuwa chini ya ukomo wetu. Dokezo likapanda kwa mkuu wa idara, likashuka, likapanda tena kwa sababu ukurasa mmoja haukuwa na saini, likalala kwenye trei ya mtu aliyekuwa likizo, kisha likasubiri kibali cha juu. Liliponifikia zilikuwa zimebaki siku nne asafiri. Nikampigia wakala. Nauli ilikuwa imepita ukomo kwa kiasi kikubwa. Sera ilisema kinachozidi ukomo hakilipwi, nami nilikuwa mtu wa sera. Nikalipa hadi kwenye ukomo, yeye akajaza tofauti kwa fedha za kukopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Alipoleta dai la kurejeshewa nililikataa kwa kalamu nyekundu, nikaandika "Nje ya sera". Nikaenda kunywa chai.

Sikujiuliza nani alikuwa ameipandisha ile nauli. Yeye hakuipandisha, na hata shirika la ndege silaumu sana. Tuliipandisha sisi wenye trei.

Naona wengi wanaoandika sera hizi hawajawahi kukaa na wakala wa tiketi wakaona kioo cha kompyuta yake. Shirika la ndege haliuzi daraja la kawaida kwa bei moja. Limeligawa kwa herufi, kila herufi ina bei yake, masharti yake na idadi yake ya viti. Viti vya herufi ya chini vikiisha, mfumo unahamia herufi inayofuata, na wakala hata akiwa shemeji yako hana la kufanya. Ndiyo maana ndege inapoondoka Uwanja wa Julius Nyerere usiku kwenda Doha au Istanbul, abiria wawili wanaweza kukaa kiti kwa kiti, wakapewa chakula kilekile, mmoja akiwa amelipa karibu mara mbili ya mwenzake. Aliyelipa zaidi pengine si mfujaji. Pengine faili lake lilichelewa.

Jambo la pili ambalo watu wa ofisini hulichanganya: kushikiwa nafasi si kukatiwa tiketi. Wakala akikushikia nafasi anapewa muda na shirika. Muda ukipita bila malipo, mfumo unaifuta wenyewe, hata kama ni saa nane za usiku na hundi yako inasubiri saini ya pili asubuhi. Nimeshuhudia nafasi moja ikishikwa na kufutwa mara tatu kwa safari moja, na kila iliposhikwa upya bei ilikuwa imepanda ngazi.

Sasa wekeni hapo utaratibu wetu wa profoma tatu, yaani makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji watatu. Kwa viti na meza unafaa sana. Kwa nauli, profoma ya Jumatatu haiwezi kulinganishwa na ya Alhamisi, kama vile huwezi kulinganisha bei ya nyanya pale Ilala wiki ya mvua na wiki ya jua. Profoma zote zichukuliwe siku moja, kwa tarehe zilezile za safari, mzigo uleule, na masharti yaleyale ya kubadili tarehe. Vinginevyo mnakusanya karatasi za kumridhisha mkaguzi tu. Na mkaguzi, nawaambia kwa uzoefu, huwa haridhiki.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wetu wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mikutano mingi ya kitaaluma ya Ulaya na Marekani hufanyika Julai na Agosti, vyuo vyao vikiwa likizo. Miezi hiyohiyo watalii wanamiminika Zanzibar na kaskazini, na ndege zinajaa. Kwa hiyo tiketi ya Julai ingepaswa kukatwa Aprili au Mei, lakini wakati huo kasma (fungu la bajeti) ya mwaka unaoisha imeshakauka, na ya mwaka mpya haijafunguliwa. Fedha zikiingia, viti vya bei ya chini vimeshakwenda na wenye fedha zao. Hakuna ukomo wa nauli utakaotibu jambo hilo. Kinachotibu ni kupanga mapema: kila idara ilete orodha ya safari zake za robo ya kwanza kabla ya Machi kwisha, na bursa, mkuu wa fedha wa chuo, atenge fedha za tiketi hizo kwenye bajeti ya mwaka unaoisha, zisiguswe. Najua bursa atanuna. Mimi pia ningenuna.

Mtaniambia: mzee, mbona wenzetu wa nje wana viwango? Wanavyo, tuviangalie. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, ambao baadhi ya wahadhiri na wanafunzi wetu wamesafiri nao, haupangi bei kwa mji, unapima kilomita. Kwa umbali wa kilomita 4,000 hadi 7,999, ambamo safari nyingi za kutoka Dar es Salaam kwenda Ulaya Magharibi zinaangukia, kiwango kilikuwa euro 820 mwaka 2021. Katika mwongozo wa mwaka 2024 kikawa euro 1,188. Watu wenye wachumi wengi kuliko sisi walilazimika kukiongeza kwa karibu nusu ndani ya miaka mitatu. Ninyi mnataka kuandika namba moja kwenye sera itakayopitishwa na Baraza la Chuo na kukaa miaka mitano bila kufunguliwa?

Tena mnataka kuiandika kwa shilingi. Mwaka 2022 dola moja tuliipata kwa shilingi 2,300 na ushee. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Nauli za kimataifa zinafuata dola. Ukomo wa shilingi uliotosha safari ya Johannesburg unakuwa mfupi bila mtu yeyote kufanya kosa.

Wamarekani nao, kwa fedha za ruzuku za serikali yao, hawakutaja dola hata moja. Kanuni yao inasema italipwa nauli ya daraja la kawaida ya gharama ya chini kabisa, isipokuwa pale ambapo hiyo ya chini itamzungusha msafiri sana, itamsafirisha saa zisizofaa, itarefusha safari kupita kiasi, italeta gharama nyingine zitakazomeza kile kilichookolewa, au haitafaa kwa hali ya afya yake. Isomeni kwa utulivu, imefikiriwa. Mkumbuke pia kwamba wana sheria ya mwaka 1974 inayotaka anayesafiri kwa fedha za serikali yao atumie mashirika ya ndege ya Marekani au yenye makubaliano nayo, ila kwa sababu maalumu. Mradi wenye fedha hizo ukinunua tiketi ya bei ya chini kabisa sokoni, ya shirika lisilo miongoni mwa hayo, unaweza kukataliwa malipo. Mhasibu asiyejua hilo atakiletea chuo deni huku akijisifu kwa kuokoa.

Hapo kwenye gharama zinazomeza kilichookolewa ndipo nilipoona fedha nyingi zikipotea. Tuseme tiketi yenye vituo viwili inapungua dola 150 kuliko yenye kituo kimoja. Msafiri analala njiani usiku mmoja, analipwa posho ya siku ya ziada, pengine anahitaji viza ya kupita, na mzigo wake unalipiwa upya kwa sababu tiketi ni mbili tofauti. Mkijumlisha, zile dola 150 zimekwisha na nyingine zimeongezeka. Lakini kwenye faili la tiketi linaonekana pato, kwa kuwa posho iko kwenye faili jingine! Sera yenu ipime safari nzima kwenye karatasi moja: nauli, mzigo, malazi ya njiani, posho, viza, na teksi ya kwenda uwanjani.

Tukishuka kwenye safari za ndani, mimi ningeandika mstari mmoja tu kuhusu Dodoma: kipimo ni treni. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, daraja la kawaida likiwa shilingi 31,000 wakati huo, sababu ya kupanda ndege imekuwa nyembamba. Treni inatumia saa tatu na nusu hivi. Ndege ni kama saa moja hewani, sawa, lakini ongezeni foleni ya kutoka Mlimani hadi uwanjani, kuwahi kwa ajili ya ukaguzi, kusubiri, na teksi mbili. Anayetaka ndege aeleze kwa nini. Mwanza, Bukoba na Mtwara ni habari nyingine, huko msimsumbue mtu.

Sasa mniulize ningeweka nini. Ukomo wangu ungekuwa bei ya chini kabisa ya siku hiyohiyo kwa njia yenye kituo kisichozidi kimoja, ukiongeza asilimia kumi. Ndani ya hapo mkuu wa idara anasaini na tiketi inakatwa leo. Juu ya hapo inahitajika saini ya mtu mmoja tu aliye nje ya idara, naye ajibu ndani ya siku mbili. Dokezo zima, kuanzia linapopokelewa hadi tiketi inapokatwa, siku saba za kazi. Kila meza igonge muhuri wa tarehe ya kupokea na ya kutoa. Siku zikipita na nauli ikapanda, tofauti ibebwe na kasma ya ofisi iliyolikalia faili. Kifungu hicho ndicho kitakachopigwa vita kuliko vyote kwenye kikao. Mkitaka kujua nani anakaa na mafaili, angalieni nani atasimama wa kwanza kukipinga.

Vibali vya juu ni jambo gumu kidogo, maana haviko mikononi mwenu. Mnakumbuka mwishoni mwa mwaka 2015, serikali ya awamu ya tano ilipozibana safari za nje za watumishi wa umma na vibali vikawa vinatoka Ikulu. Nia niliielewa, kulikuwa na safari za hovyo kweli. Ila mezani kwangu niliona upande wa pili: kibali kinatoka Ijumaa, safari ni Jumapili, tiketi inakatwa kwa bei ya juu kuliko zote. Dawa yake ni kuomba kibali siku mwaliko unapofika, bila kusubiri nauli ijulikane, na kukata tiketi inayoruhusu kubadili tarehe pale ambapo kibali kina mashaka. Inazidi kidogo bei. Lipeni.

Kuhusu daraja la biashara sina maneno mengi. Mwenye mgongo mbovu au ulemavu apewe, kwa cheti cha daktari, awe profesa au dereva. Cheo peke yake kisiwe ugonjwa. Na wale wanaong'ang'ania shirika fulani kwa sababu ya maili za bure, wanajijua, nami nawajua.

Msimtake mtumishi wa chini anunue tiketi kwa fedha zake ndipo arejeshewe. Profesa ana kadi ya benki yenye kitu. Mhadhiri msaidizi ana ada ya mtoto na kodi ya nyumba Sinza, na marejesho yenu yanachukua miezi.

Yule binti bado yuko chuoni, sasa ni mhadhiri mwandamizi, na akinikuta njiani ananiamkia bila kinyongo, jambo linaloniuma zaidi. Dai lake lenye wino wangu mwekundu lazima lipo masjala, kwenye makabati ya chini. Nina counterbook tatu ambamo niliandika kila nauli niliyolipa na tarehe dokezo lake lilipofunguliwa. Nitawapa, mzitumie mnavyotaka. Mmoja wenu aje kuzichukua Jumamosi, afike kabla ya saa nne maana baadaye Morogoro Road haipitiki, na akiweza aje na nakala ya lile dai.

Wenu,
Mzee wa Tiketi
Kimara, Dar es Salaam