Tarentaise si skii tu

Mhariri, salamu. Makala yenu ya bonde la Tarentaise huko Ufaransa nimeisoma ila mmeniacha na njaa, yaani kila kitu ni Courchevel na Val Thorens, lifti na mahoteli, kama vile hakuna watu walioishi huko kabla ya skii. Mi nilipita Januari na kilichonikaa kichwani ni kijiji cha Saint-Martin-de-Belleville, nyumba za mawe, kuni zimepangwa ukutani mpaka chini ya paa, ng'ombe wako zizini wanasubiri theluji iyeyuke, na maziwa ya bonde hilo ndo yanatengenezewa jibini la Beaufort (tamu balaa). Val Thorens sawa, mita 2,300 juu, ila usiku kichwa kiliniuma vibaya.

Na Tignes mbona hamkusema? Kijiji cha zamani kilizamishwa 1952 kupisha bwawa la umeme, watu wakatolewa kwa nguvu, Tignes hii ya skii ya leo iko juu zaidi. Nilisimama pale naangalia lile ziwa, watu wananipita na skii begani wala hawageuki.

Mkirudi, tuelezeni na mabasi ya kutoka Moûtiers, ule mji wa bondeni wenye stesheni ya treni, jamani, si wote tuna gari.

Msomaji wenu