Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maji: Silika ya Mto Rufiji Ipimwe Sasa

Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Nakuandikia kuhusu silika, yaani madini yanayounda mchanga na kioo, iliyoyeyuka katika maji ya Mto Rufiji, ambayo ni nadra kutajwa tunapozungumzia Bwawa la Julius Nyerere. Bwawa hilo lilianza kujazwa Desemba 2022, na megawati zake 2,115 ni neema kwa nchi. Sipingi ujenzi wake hata kidogo. Ninachoomba ni kwamba tope la delta, lililo mbali na mitambo, lifuatiliwe kwa uzito uleule tunaoupa kina cha maji bwawani.

Silika hutoka katika miamba inayomomonyoka taratibu kwenye mabonde ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Ikifika baharini hutumiwa na diatomu, yaani vijimea vya chembe moja vinavyojijengea ganda la kioo, na ambavyo huhitaji silika na naitrojeni kwa viwango vinavyokaribiana. Mabuu ya kambamiti, katika hatua zao za mwanzo, hula diatomu hizo moja kwa moja. Anayevua kambamiti kwenye midomo ya Rufiji anaitegemea silika hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Diatomu zikifa huzama, na ganda lao huanza kuyeyuka ndani ya tope. Ukichota tope la chini ya mikoko maji yanapokupwa, ukalikamua na kupima maji yake, kwa kawaida utakuta silika nyingi kuliko ile iliyo katika maji ya juu. Kaa na minyoo wanaochimba mashimo huyapitisha maji humo kila bamvua na kuirudisha silika juu, pamoja na amonia na fosfati. Si yote inayorudi: katika matope ya delta za joto, kama ile ya Amazon nchini Brazili, sehemu ya silika huungana na chuma na alumini na kuwa udongo mpya wa mfinyanzi, ikabaki chini. Kwa hiyo tope ni ghala linalotoa na kuficha kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Katika bwawa maji hutulia, tope huzama, mwanga hupenya, na diatomu za maji baridi huitumia silika na kuizamisha huko huko. Naitrojeni na fosforasi huweza kuongezeka tena njiani kutokana na mbolea na majitaka, lakini silika haina mbolea ya kuirudisha. Uwiano ukivurugika, diatomu huachia nafasi vijimea vingine, baadhi yao vikiwa na sumu. Na kwa kuwa tope la delta bado lina akiba ya mafuriko ya zamani, maji ya pwani yanaweza kuonekana salama kwa muda huku akiba ikipungua chini yake. Anayepima maji ya juu peke yake atachelewa kujua.

Misri ilipoyazuia mafuriko ya Nile kwa Bwawa la Aswan kuanzia 1964, uvuvi wa sadini ulishuka kutoka takriban tani 18,000 mwaka 1962 hadi chini ya tani 1,000 kabla ya muongo ule kwisha. Samaki waliongezeka tena miaka ya 1980, na watafiti wengi wanahusisha ongezeko hilo na mbolea na majitaka, njia ambayo hakuna anayeitamani kwa Kisiwa cha Mafia, kilicho mbele ya delta yetu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba silika ipimwe pamoja na naitrojeni na fosforasi, masika na kiangazi, katika maji yanayoingia bwawani, yanayotoka, pale Utete, na kwenye midomo ya delta. Naomba pia, kwa kushirikiana na wizara inayosimamia uvuvi, zichukuliwe nguzo za tope, yaani tope linalochotwa wima kwa bomba bila kuvuruga tabaka zake, kutoka delta mwaka huu, kwa sababu tabaka zilizolala kabla ya 2022 ndizo zitakazotuonyesha hali ilivyokuwa, na nyavu na mawimbi huzivuruga kila msimu. Takwimu zitakazopatikana ziwekwe wazi, na zitumike katika kupanga kiasi cha maji yanayofunguliwa wakati wa masika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Delta ya Rufiji