Zilibaki siku 41: barua kwa vijana wangu wa kijiwe cha bodaboda

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Wiki iliyopita, asubuhi na mapema, nikifagia uwanja wangu hapa Mbagala, nilimwona mwenzenu akipita kwa miguu. Kwa karibu mwaka mzima sikuwahi kumwona kijana huyu bila pikipiki. Kofia ngumu kaishika mkononi kama mtu aliyetoka msibani. Akaniamkia, kisha macho yakashuka chini. Bosi kaichukua pikipiki. Zilibaki siku 41 za hesabu, ile pesa anayompelekea bosi kila siku, iwe mali yake.

Mkataba ulikuwa wa siku 360, shilingi 10,000 kila siku, jumla 3,600,000. Alikwisha kulipa siku 319. Nina uhakika kwa sababu daftari linakaa kwangu. Kila jioni akitoka kupeleka hesabu alipita barazani, nami nikachora kijiti kimoja. Vikifika vinne, cha tano kinavikata nakuwa nimefunga fungu. Halafu jioni moja hakupita. Ya pili hakupita. Kumbe Jumamosi aliweka hesabu ya siku tatu kwenye mkeka wa kubeti wa timu kumi na mbili, timu moja ikauchana, pesa yote ikaenda. Jumapili akaweka mwingine ili airudishe ya jana. Jumatatu akazima simu bosi asimpate. Siku ya tisa bosi alimpata.

Simsemi yeye peke yake. Januari nyote mliandika kwenye simu zenu kwamba mwaka huu lazima kieleweke. Nikamuuliza mmoja wenu, kieleweke nini? Akanijibu, "Mzee, nataka kutoka kimaisha." Mwanangu, hiyo ni dua, na ni dua njema, naiitikia amina. Lakini lengo ni lazima niweze kulichora kwenye daftari: kiasi gani, mpaka lini, na leo jioni unaleta nini. Kama swali la tatu huna jibu lake, mawili ya mwanzo yatakuumiza bure.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa fundi uashi kijana nilipata kiwanja, nikaweka msingi wa vyumba vinne huku mfukoni nina pesa ya viwili. Jirani alikuwa kajenga vinne, nami sikutaka kuonekana mdogo. Msingi ule ulikaa miaka sita. Nyasi zikaota ndani, watoto wa mtaa wakawa wanachezea kombolela humo. Kila mwezi nalipa kodi, na kila Jumapili napeleka familia kutazama nyasi. Mke wangu hakunigombeza hata siku moja, ila mwaka wa sita akasema taratibu, "Baba, vingekuwa viwili tungekuwa tunalala ndani."

Neno lile ndilo lililojenga nyumba hii. Nilipunguza ramani, vikabaki vyumba viwili. Mfuko mmoja wa simenti nilikuwa natoa tofali kama 30. Basi nikajipangia tofali tano kila alfajiri kabla ya kwenda kibaruani, siku sita, mfuko mmoja kwa wiki. Tano tu. Kuna asubuhi nilikuwa na nguvu ya kufyatua ishirini nikajizuia, maana nilijua kesho yake nitajiona nimekwisha kufanya kazi ya siku nne, nilale. Kabla mwaka haujaisha kuta zilikuwa kwenye linta. Vile vyumba viwili vingine vilikuja baadaye, juu ya msingi uleule.

Kijana wetu alijua kufyatua tano kwa siku. Vijiti 319 si mchezo! Kilichomshinda ni pesa kukaa karibu na kidole. Hesabu ya siku tatu iko kwenye simu, na simu hiyohiyo ndiyo yenye mkeka. Hapo hata mimi nisingejiamini. Mama zenu wa Vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, walilijua hili zamani. Njia hiyo asili yake ni wanawake wa Niger, walioanza mwaka 1991 wakisaidiwa na shirika la CARE. Yako makundi yanayotumia sanduku la kufuli tatu, funguo zikakaa kwa watu watatu tofauti na sanduku kwa wa nne. Hawakufanya hivyo kwa kuwa ni wezi. Wanajua mtu wa asubuhi siye mtu wa usiku, wakamsaidia wa asubuhi. Nanyi fanyeni hivyo: hesabu ya leo iondoke leo, akiba iende kwa mtu ambaye huwezi kumpigia saa nne za usiku.

Mengine nayataja tu, mnayajua. Leseni. Kofia ngumu, na ya abiria pia. Mkataba uandikwe, nakala mbili, na mashahidi. Usichukue mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kulipa hesabu. Siku ukiumwa, mwambie bosi siku hiyohiyo.

Sasa niwageukie wakubwa wenzangu, maana nao wanasoma. Tunamlaumu kijana kubeti, na redio dukani kwetu inatangaza kubeti kuanzia asubuhi mpaka usiku, nasi hatuizimi. Kadi ya mchango wa harusi ikija tunatoa 100,000 hata kwa kukopa, ila kijana akiomba 20,000 aongezee kwenye leseni tunamwambia ajitume. Tukikutana naye tunauliza kajenga wapi na ataoa lini. Hatuulizi leo amefikia kijiti cha ngapi. Na wenye pikipiki, mnaotoa mkataba wa mdomo ili siku za mwisho muone sababu ya kuichukua, Mungu anawaona.

Halmashauri nazo zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Wanataka kikundi kilichosajiliwa. Kijiwe chenu kina watu zaidi ya ishirini na hakina katiba hata ya ukurasa mmoja. Hilo tutalishughulikia pamoja.

Septemba 2025 mlipiga honi mtaa mzima mwanariadha wetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni Tokyo. Mimi nilikumbuka shaba yake ya London ya 2017. Miaka minane! Na baada ya kilomita 42 zote zile alimshinda Mjerumani kwenye mstari wenyewe, mpaka picha ikatazamwa. Angelegea hatua mbili za mwisho, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Wewe uliyepita na kofia mkononi, nimekwenda kwa bosi wako. Amekubali kukaa kikao Jumapili saa kumi jioni, hapa barazani kwangu. Hajaahidi kitu, ila atakuja, na pikipiki bado hajampa mtu. Njoo mapema, uje na mama yako. Wengine njooni na mikataba yenu niisome. Daftari lako liko juu ya kabati, na lile fungu la mwisho bado lina vijiti vinne.

Mzee wenu, fundi.