Barua kwa mdogo wangu anayekwenda Brisbane

Mbukwa, mdogo wangu.

Umeuliza siku yako moja ya mapumziko huko Australia uitumie wapi. Nenda Mt Coot-tha, kwenye bustani ya mimea iliyo chini ya mlima, kama kilomita 7 kutoka katikati ya Brisbane. Kiingilio hakuna. Nauli ya basi ni senti 50 za huko, uende mbali uende karibu. Gusisha kadi ya nauli kwenye mashine unapopanda na unaposhuka. Ila usiende Jumatatu. Planetariamu, ule ukumbi wa kuba wanaoonyeshea nyota, uliomo humo bustanini, hufungwa siku hiyo. Onyesho lenyewe ni la kulipia, kwa hiyo kata tiketi mapema na uwahi, maana taa zikishazimwa hawaingizi mtu.

Bustani ilifunguliwa mwaka 1976 na ina zaidi ya hekta 50. Huimalizi kwa siku, usijisumbue. Wageni wengi hukimbilia kuba la mimea ya tropiki na bustani ya Kijapani, iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1988 kisha ikahamishiwa pale. Pita, lakini usilale huko. Ndani ya kuba kuna fukuto la pwani. Ukitoka kwenye ubaridi wa Julai, miwani na kioo cha kamera vitapiga ukungu. Vitaachia vyenyewe baada ya dakika chache, ukifuta unapaka matope tu.

Mtu wa Dodoma aanzie kwenye miti ya Kiaustralia, kwa sababu nusu yake anaifahamu. Mgrevilea tunaoupanda kwa kivuli na mbao asili yake ni mashariki mwa nchi ile. Makademia wanayolima Wakenya na watu wa Nyanda za Juu Kusini ni ya huko huko. Simama chini ya mkaratusi mchana uangalie juu: majani yananing'inia wima, jua la utosi linayapiga ukingoni badala ya usoni, ndiyo maana kivuli chake kina matobo. Vaa kofia. Kisha tafuta mvinje, uokote kijiti cha kijani kilichoanguka. Wengi hukiita jani, lakini ni tawi. Kivute taratibu kitaachia kwenye pingili, na hapo kwenye ungio utaona meno madogo madogo yamezunguka. Hayo meno ndiyo majani. Usichume kitu mtini. Vya chini vinatosha.

Ukitaka kupanda mlima, njia ya kileleni inaanzia upande wa maporomoko ya JC Slaughter, si ndani ya bustani, na ni kama kilomita 2 kwenda. Maporomoko bila mvua ni mawe makavu, usiyafuate kwa picha za mtandaoni. Mlima hauzidi mita 300, lakini changarawe inateleza wakati wa kushuka, kwa hiyo ndala ziache hotelini. Jina Coot-tha, kwa lugha ya wenyeji wa asili, linahusu asali ya nyuki wadogo wasiouma. Watu wa Singida wangejisikia nyumbani.

Sasa nyota. Planetariamu ni ya 1978, kuba lake lina kipenyo cha mita 12.5, na imepewa jina la Sir Thomas Brisbane, gavana wa zamani wa New South Wales aliyejenga kituo cha kutazamia nyota kule Parramatta, karibu na Sydney. Sikutumi kwa ajili ya sinema ya sayari za mbali, omba onyesho la anga la usiku huo. Nyoosha mkono, ukunje ngumi: upana wake ni kama digrii 10. Dodoma ncha ya kusini ya anga, ile nukta ambayo nyota za kusini huizunguka, iko digrii 6 tu juu ya upeo, haifiki ngumi moja, inamezwa na vumbi na vilima. Brisbane ni digrii 27, karibu ngumi tatu. Kwa hiyo Msalaba wa Kusini na Mawingu ya Magellan, galaksi mbili zinazoonekana kama vipande vya wingu, vinapanda juu zaidi, na Kilimia, kinachofika digrii 60 hapa kwetu, huko hakifiki 40, tena upande wa kaskazini. Dubu Mkubwa, kundi la nyota la kaskazini, anatambaa tu kwenye upeo. Hata jua la mchana utalikuta kaskazini mwaka mzima, halipiti utosini kamwe. Ukitafuta benchi lenye kivuli, kaa kusini mwa mti.

Ukitoka ukumbini, macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukiwasha simu mara moja unaanza upya. Juni na Julai jua linazama karibu saa kumi na moja jioni. Soma kibao cha saa za kufunga geti kabla hujaingia, usije ukafungiwa ndani.

La mwisho ni ubuyu na karanga alizokufungia mama. Viandike kwenye fomu ya uwanja wa ndege, hata kama ni konzi moja. Wakivichukua umepoteza ubuyu. Ukivificha wakavikuta, ni faini. Na mbegu za kule usiniletee mfukoni, zinataka cheti cha afya ya mimea. Niletee picha ya ua la mgrevilea tu, lile la rangi ya chungwa linalofanana na brashi.

Kaka yako,
Dodoma